Mizani Haitoshi kwa Mgonjwa wa Moyo

Mgonjwa wa moyo mkoani Mara akifika kliniki, iwe Tarime mjini au Mugumu, hupandishwa kwenye mizani kwanza. Kilo zinaandikwa, presha inapimwa, kisha anasubiri zamu yake ya kumwona daktari. Akisikia uzito wake haujabadilika anafurahi. Kwa mtu mwenye moyo mgonjwa, hata hivyo, namba hiyo moja inaweza kuficha figo zinazoharibika, na vipimo vingine vya mwili vinavyoweza kutushtua mapema ni rahisi mno kuachwa.

Moyo na figo huugua pamoja. Mtu akiwa ametulia, karibu sehemu moja ya tano ya damu inayosukumwa na moyo hupita kwenye figo. Moyo ukidhoofika, damu inayofika huko hupungua, na ile inayotakiwa kurudi moyoni hurundikana kwenye vena na kuzielemea figo. Figo nazo zikidhoofika, chumvi na maji hubaki mwilini, presha hupanda, na moyo huzidi kuchoka. Haya yote yanaweza kuendelea kwa miaka bila maumivu yoyote.

Tuanze na kiuno. Chukua mwanamume wa Sirari mwenye presha ya siku nyingi, urefu wake sentimita 165, uzito kilo 66. BMI yake, yaani kipimo kinacholinganisha uzito na urefu, ni 24. Uzito uliozidi huhesabiwa kuanzia 25, kwa hiyo kwenye kadi anaonekana hana neno. Mzungushie futi ya fundi cherehani tumboni: sentimita 96. Kanuni inayokumbukika kirahisi ni kwamba kiuno kisifike nusu ya urefu, na nusu ya urefu wake ni 82 na ushee. Mafuta yaliyojificha ndani ya tumbo, yanayozunguka utumbo, ini na figo zenyewe, hubana figo, huamsha homoni zinazopandisha presha na kulazimisha vichujio vya figo kufanya kazi kupita kiasi. Kila figo ina vichujio vipatavyo milioni moja. Kikifa kimoja, hakioti kingine.

Kwa miaka mingi tumetumia mipaka ya Shirika la Afya Duniani: sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke. Takwimu zilizokusanywa kutoka nchi kadhaa za Afrika kusini mwa Sahara zimeonyesha kuwa hatari huanza mapema zaidi kwa wanaume wetu, karibu sentimita 81, sawa na wanawake. Mimi nasema kumsubiri mwanamume wa Mara afike 94 ndipo aambiwe ni kumchelewesha.

Lakini kipimo kiwe sahihi. Wanaume wengi hujipima pale suruali inapofungwa, chini ya kitambi, wakapata namba ya kuwafariji bure. Vua mkanda, pandisha shati, papasa ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, futi ipite katikati ya hapo. Toa pumzi kama kawaida, soma bila kuikaza.

Sasa tuje kwa mgonjwa ambaye moyo wake umeshapanuka na umeanza kushindwa kazi. Hapa ndipo mizani inapodanganya kweli. Mama mmoja wa Mugumu anaweza kuwa na kilo 62 mwezi wa tatu na kilo 62 zile zile mwezi wa tisa, kumbe katikati ya hapo amepoteza kilo 5 za misuli na kubeba lita 5 za maji. Lita moja ya maji ni kilo moja, basi hesabu inalingana. Bonyeza mbele ya mguu wake, juu kidogo ya kifundo, kwa kidole gumba, uhesabu mpaka kumi: shimo linabaki. Tumbo nalo likijaa maji, hata kipimo cha kiuno hakiaminiki tena. Kinachosaidia ni mkono wa juu, katikati ya bega na kiwiko, kwa sababu maji hukimbilia miguuni na tumboni zaidi. Akina mama wanaujua utepe wa rangi unaozungushwa mkononi mwa watoto kuangalia utapiamlo. Kwa mtu mzima mipaka ni tofauti, lakini mkono unaozidi kupungua kila ziara ni habari nzito.

Nzito kwa moyo, na nzito kwa figo pia. Kipimo cha damu tunachokitegemea, kreatinini, hupima taka inayotokana na misuli. Misuli ikiisha, kreatinini hushuka, na figo mbovu zinaonekana nzima kwenye karatasi. Utafiti uliofanyika Malawi, Uganda na Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2022 ulionyesha kuwa kanuni za kukadiria kazi ya figo kwa kreatinini zinazikadiria figo za Waafrika kuwa bora kuliko zilivyo. Daktari anayesoma kreatinini bila kuutazama mkono wa mgonjwa anaweza kumrudisha nyumbani akiwa na amani isiyostahili.

Kwa hiyo mgonjwa wa moyo mwenye kiuno kilichozidi, au mkono unaokonda huku miguu ikivimba, aombe mkojo wake upimwe protini, hata kama kreatinini ni nzuri. Amweleze daktari pia kama hununua dawa ya maumivu iitwayo diklofenaki dukani kila mgongo ukimuuma baada ya kulima, maana dawa hiyo huumiza figo na kuzidisha maji kwa wenye moyo dhaifu.

Protini ikionekana, kipimo kirudiwe. Ikiendelea kwa zaidi ya miezi 3, huo ni ugonjwa sugu wa figo. Katika hatua hiyo bado kuna dawa za presha, losartan ikiwa mojawapo, zinazopunguza protini hiyo na kuzipa figo muda mrefu zaidi. Figo zikishakufa, kinachobaki kwa wengi ni mashine ya kusafisha damu, saa 4 kila mara, mara 2 au 3 kwa wiki, na hospitali ya rufaa ya kanda, Bugando, iko Mwanza.