Mtafiti wa Utabibu Humtibu Nani?

Tulipokuwa Nakwa, mjini Babati, tulikaribishwa katika nyumba moja ambamo palikuwa na shauri zito. Binti wa nyumba ile alikuwa amemaliza kidato cha sita, amefaulu vizuri masomo ya elimu viumbe na hesabu, naye alisema mbele ya wazee kwamba akijaliwa kusoma utabibu hatataka kukaa katika chumba cha kupokea wagonjwa siku zote. Angependa kuwa mtafiti. Baba yake mdogo, mtu wa kazi aliyezeeka katika karakana, alitikisa kichwa. "Mwanangu," akamwambia, "daktari tunamjua. Daktari hushika sindano, na mgonjwa huamka. Sasa huyo mtafiti wako, yeye humtibu nani?" Binti alinyamaza kwa adabu. Wazee wakatugeukia sisi, kana kwamba mtu wa gazeti ana jibu la kila jambo.

Siku ile tulijibu maneno machache tu, wala hayakututosha wenyewe. Leo twataka kulijibu swali lile kwa kirefu, kwa kuwa si la mzee yule peke yake. Ni swali la wafanyakazi wengi na wazazi wengi wanaotoa jasho lao kuwasomesha watoto. Tena ni swali la haki. Mtu anayelipa kodi ana haki ya kuuliza kazi fulani yaleta faida gani.

Hatutakwenda mbali kutafuta jibu. Atokaye Babati akashika njia ya Dareda, akaupanda ukingo wa Bonde la Ufa, akapita Dongobesh, mwishowe hufika Haydom, katika wilaya ya Mbulu, mkoa wetu huu wa Manyara. Huko iko hospitali iliyofunguliwa na wamisionari wa Kilutheri kutoka Norway mwaka 1955. Kwa miaka mingi watu waliijua kama mahali pa kupeleka wagonjwa tu. Lakini katika chumba chake cha kuzalishia imefanyika kazi ambayo leo yasomwa na matabibu wa dunia nzima, na kazi hiyo ilianza kwa swali dogo sana: mtoto akizaliwa asilie, asivute pumzi, je, mkunga hufanya nini, na huchukua muda gani kukifanya?

Kila mama msomaji wetu aijua hofu ya dakika ile. Mtoto ametoka, chumba kimekuwa kimya, na wote wanangoja sauti. Zamani mtoto wa namna hiyo aliandikwa kuwa amezaliwa mfu, akazikwa, na jamaa wakasema ni kazi ya Mungu. Hatubishani na imani ya mtu. Walakini wakunga wazoefu walijua tangu kale kwamba wengi wa watoto hao hawakuwa wafu. Walikuwa hai, ila pumzi haijaanza. Wakikaushwa na kusuguliwa mgongo, na ikiwa bado hawajapumua wakapulizwa hewa kwa mfuko na barakoa ndogo, wengi wao huanza kulia. Matabibu wameiita dakika ya kwanza ya uhai kuwa ni dakika ya dhahabu.

Kujua hivyo ni jambo moja; kujua linatendeka namna gani katika hospitali zetu ni jambo jingine. Huko Haydom watafiti, miongoni mwao Dokta Hege Ersdal wa Norway na Dokta Estomih Mduma, Mtanzania, waliweka watu maalumu katika chumba cha kuzalishia, zamu kwa zamu, usiku na mchana, kazi yao kutazama na kuandika muda: mtoto amezaliwa saa ngapi, amepumua baada ya sekunde ngapi, mkunga ameanza kumpulizia hewa lini. Waliandika habari za maelfu ya watoto. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Yalionyesha kwamba watoto kama 16 katika kila 100 waliozaliwa hai hawakuanza kupumua wenyewe. Yalionyesha pia kwamba kwa hao waliohitaji kupuliziwa, kila nusu dakika iliyopotea kabla ya kuanza iliongeza kwa asilimia 16 hatari ya kufa au ya kulazwa kwa muda mrefu. Mzee wetu wa Nakwa akumbuke hapo: nusu dakika ni muda wa mtu kufungua kabati na kutafuta kifaa ambacho hakikurudishwa mahali pake.

Wakati huo huo nchi yetu ilikuwa imekwisha kuanza mafunzo ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua. Kuanzia mwaka 2009 wakunga walifundishwa kwa kutumia mwanasesere aliyetengenezwa mfano wa mtoto mchanga. Habari za hospitali 8 za Tanzania zilizofanya mafunzo hayo zilitolewa mwaka 2013 na Dokta Georgina Msemo pamoja na wenzake, akiwamo Dokta Augustine Massawe, bingwa wa watoto wachanga wa Muhimbili. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilikuwa vimepungua kwa asilimia 47, na watoto waliozaliwa wafu muda mfupi tu baada ya uhai kuwatoka walipungua kwa asilimia 24. Hizo zilikuwa habari za kushangilia, na walio wengi wangeishia hapo, wakapiga makofi na kurudi nyumbani.

Lakini hapa ndipo twaona mtafiti ni mtu wa namna gani. Huko Haydom wakunga walipewa mafunzo ya siku moja mwaka 2010. Baada ya mafunzo walipimwa mbele ya mwanasesere, wakafanya vizuri sana kuliko kwanza. Mtu mwingine angeandika taarifa kwamba kazi imekwisha na wafanyakazi wameiva. Watafiti wale hawakutosheka. Walirudi katika chumba cha kuzalishia na kutazama wanavyotendewa watoto halisi, wakakuta kwamba mambo hayakubadilika. Mkunga aliyeshinda mtihani siku ya mafunzo, usiku wa kazi alifanya vile vile alivyozoea. Nao wakalichapa jambo hilo mwaka 2013 bila kulificha, ingawa lilikuwa ni kusema kwamba mafunzo yao wenyewe hayakufikia lengo.

Ndugu wasomaji, tulipigie mstari jambo hili. Ni semina ngapi tumehudhuria, katika vyama, katika viwanda, katika maofisi, tukapewa kalamu na daftari, tukapigwa picha ya pamoja, kisha Jumatatu tukaendelea na kazi kwa desturi ile ile ya jana? Na ni nani kati yetu aliyewahi kurudi baada ya miezi sita kupima kama semina ile ilibadili chochote? Kusema kweli juu ya kazi yako mwenyewe, hasa pale kweli hiyo inapokuaibisha, ni ushujaa. Na ushujaa huo ndio moyo wa utafiti.

Baada ya kuliona kosa walitafuta dawa yake, na dawa yenyewe haikuwa ghali. Mwanasesere aliletwa karibu na chumba cha kuzalishia. Wakunga wakafanya mazoezi mafupi ya dakika chache mara kwa mara, wakiwa kazini, na mara moja kwa mwezi mazoezi marefu kidogo. Ni kama mwanajeshi anayefungua na kufunga bunduki yake kila siku, si kwa kuwa ameisahau, bali ili mikono yake ijue hata gizani. Matokeo, ambayo Dokta Mduma na wenzake waliyatangaza mwaka 2015, ni haya: vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 katika kila watoto 1,000 hadi 7.2.

Mtu aweza kusema hizo ni namba ndogo. Na tuzihesabu basi. Ni karibu watoto 4 katika kila 1,000. Hospitali inayozalisha watoto 5,000 kwa mwaka itakuwa imeokoa karibu 20, nao ni nusu ya darasa zima la shule ya msingi. Wale watoto wako mahali fulani leo. Wanachunga ng'ombe, wanakimbia kwenda shule, wanawasumbua mama zao. Hakuna hata mmoja ajuaye kwamba uhai wake ulitegemea mtu aliyekaa pembeni na saa mkononi akiandika sekunde.

Kazi haikukomea Haydom. Mpango mkubwa zaidi uliandaliwa pamoja na Wizara ya Afya, ukaunganisha mazoezi hayo ya mara kwa mara, vyombo bora vya kusikiliza moyo wa mtoto tumboni na vya kupulizia hewa, na desturi ya kila hospitali kuzitazama takwimu zake yenyewe. Ulitekelezwa katika hospitali na vituo 30 vya mikoa 5: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Kiongozi wa uandishi wa taarifa yake alikuwa Dokta Benjamin Kamala, Mtanzania ambaye kabla ya hapo alikuwa amechunguza huko Dar es Salaam kazi ya chombo cha kusikiliza moyo wa mtoto wakati mama yu katika uchungu. Taarifa ilichapishwa mwaka 2025 katika jarida la utabibu la New England, moja ya majarida yanayoheshimiwa kupita yote duniani. Vifo vya watoto, pamoja na waliozaliwa wafu, vilishuka kutoka 15.3 katika kila uzazi 1,000 hadi 12.5. Watafiti hawakuficha kwamba matokeo hayakuwa sawa katika mikoa yote. Mahali pengine mafanikio yalikuwa makubwa, na pengine kazi ingalipo.

Wala watu hawa hawakuzuka kama uyoga. Wametanguliwa. Profesa Wen Kilama alikwenda kusoma Chuo Kikuu cha Notre Dame huko Marekani katika miaka ya 1960, akachunguza jinsi mbu wanavyorithi uwezo wa kupata au kutopata vijidudu vya malaria ya ndege. Wengi wangecheka: mtu amevuka bahari kusoma mbu wa kuku! Lakini huyo ndiye aliyekuja kuwa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1979. Baada ya miaka, kiti hicho alikikalia Dokta Mwele Malecela, mwanamke wa kwanza kukishika, ambaye maisha yake aliyatoa kupambana na matende na mabusha, magonjwa ya maskini ambayo wenye fedha hawana haja nayo. Mwaka 2018 alipewa kuongoza idara ya Shirika la Afya Duniani inayoshughulika na magonjwa ya namna hiyo, akaitumikia kazi hiyo hadi mauti yalipomchukua mwaka 2022. Binti wa Nakwa anayesema ataka kuwa mtafiti hajasema neno la ajabu. Njia imekwisha kupitwa na mwanamke mwenzake.

Hata hivyo hatuwezi kufunga makala haya kwa sifa tupu. Sehemu kubwa ya fedha zilizowezesha kazi tuliyoieleza ilitoka kwa marafiki wa nje. Twawashukuru kwa moyo safi. Lakini Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilituonya juu ya hatari ya kuufanya mfuko wa mwingine kuwa msingi wa maendeleo yetu. Mwanasesere akichakaa, nani atanunua mwingine? Mradi ukimalizika na wageni wakafunga mizigo, je, mkunga wa Magugu au wa Galapo ataendelea na mazoezi yake? Mazoezi ya dakika chache hayahitaji fedha nyingi. Yahitaji msimamizi anayejali, ratiba inayofuatwa, na kamati ya afya inayouliza. Hapo ndipo mwanachama na mfanyakazi wana kazi ya kufanya. Diwani akija kwenye mkutano, aulizwe: katika zahanati yetu mfuko na barakoa ya mtoto viko wapi, na mara ya mwisho wakunga walifanya mazoezi lini? Maswali hayo mawili, yakiulizwa kila robo mwaka bila kuchoka, yana nguvu kuliko hotuba nyingi.

Sasa twamrudia mzee wetu. Baba mdogo, ulituuliza mtafiti humtibu nani. Daktari hodari humtibu mgonjwa aliye mbele yake, na heshima yake haipungui. Mtafiti humtibu mgonjwa ambaye hatamwona kamwe, aliye katika kijiji asichokijua, pengine mtoto ambaye hajatungwa mimba. Ndiyo maana hapokei shukrani. Ndiyo maana pia kazi yake yahitaji watu wanyofu, kwa kuwa hakuna mgonjwa wa kumsuta akidanganya. Husutwa na namba zake tu, na hizo mtu mwovu aweza kuzipika.

Kwa hiyo shauri letu ni hili. Msomeshe binti yako. Mwache asome utabibu kwanza, ashike sindano kama upendavyo, azijue taabu za wodi kwa mikono yake mwenyewe. Kisha akitaka kushika saa na daftari, usimzuie. Huenda siku moja mjukuu wako akazaliwa usiku kimya bila kulia, na mkunga wa zamu, pasipo kusita na pasipo kutafuta kitu kabatini, akamfanya alie.