Bakshishi Nchini Marekani: Chanzo Chake, Sheria Zake na Viwango Vyake

Bakshishi ni fedha anayotoa mteja kumpa mfanyakazi wa huduma juu ya bei ya kile alichonunua, na katika nchi nyingi hubaki kuwa jambo la hiari linalotegemea moyo wa mtoaji. Nchini Marekani hali ni tofauti, kwa kuwa sheria ya kazi ya nchi hiyo inamruhusu mwajiri kuihesabu fedha hiyo kama sehemu ya mshahara wa mfanyakazi wake, na hivyo mteja, apende asipende, huwa mlipaji wa pili wa mshahara huo. Mhamiaji aliyezoea migahawa ya Dar es Salaam, Mombasa au Bukavu, ambako mteja akitaka huacha chenji na asipotaka huondoka bila kununiwa, huiona desturi ya Marekani kuwa ama tamaa ya wahudumu ama ujanja wa wenye migahawa, na maelezo yote mawili hayatoshi. Ili kujua bakshishi inastahili kutolewa lini na kwa kiasi gani, ni lazima kwanza kujua iliingiaje katika sheria, na ni mfanyakazi yupi anayeitegemea ili afikie kima cha chini cha mshahara.

Desturi ya mabwana na watumishi

Bakshishi haikuzaliwa Marekani. Ilikuwa desturi ya Ulaya, hasa Uingereza, ambako wageni waliolala katika nyumba za matajiri waliwaachia watumishi wa nyumba hizo fedha kidogo walipoaga, na Wamarekani wenye uwezo waliosafiri huko katika karne ya 19 walirudi nayo kwao pamoja na tabia nyingine za kitabaka. Wananchi wenzao wengi hawakuipokea vizuri, kwa hoja kwamba nchi iliyojitangaza kuwa ya watu walio sawa haikupaswa kuwa na raia anayemnyooshea mkono raia mwenzake. Mwaka 1909 jimbo la Washington lilipitisha sheria ya kupiga marufuku bakshishi, na majimbo mengine, yakiwemo Mississippi, Arkansas, South Carolina na Tennessee, yakafuata mkondo huo, lakini sheria hizo hazikutekelezeka, na kufikia mwaka 1926 zote zilikuwa zimekwisha kufutwa.

Kilichoipa desturi hiyo mizizi ni hali ya kazi baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, vilivyomaliza utumwa na kuacha mamilioni ya watu weusi huru wakitafuta ajira katika nchi ambayo milango mingi ilikuwa imefungwa mbele yao. Waajiri wa hoteli, migahawa na reli waliwachukua kwa mishahara midogo mno, na wengine bila mshahara wowote, wakitarajia kwamba wateja wangejazia pengo. Mfano unaojulikana zaidi ni wa kampuni ya Pullman, iliyoanzishwa mwaka 1867 na kuendesha mabehewa ya kulala ya treni, ambayo wapagazi wake walikuwa karibu wote wanaume weusi waliobeba mizigo, kutandika vitanda na kung'arisha viatu vya abiria usiku kucha. Abiria walizoea kumwita kila mpagazi "George", kwa jina la mwenye kampuni, George Pullman, kama vile watumwa walivyoitwa zamani kwa majina ya mabwana zao, na mpagazi hakuwa na budi kuitikia kwa tabasamu kwa sababu riziki yake ilitoka katika mfuko wa huyo huyo aliyemwita hivyo. Wapagazi hao waliunda chama chao cha wafanyakazi mwaka 1925 wakiongozwa na A. Philip Randolph, na iliwachukua miaka 12, hadi mwaka 1937, kuilazimisha kampuni itie saini mkataba wa mishahara na saa za kazi.

Dola 2.13 kwa saa

Sheria ya shirikisho ya kima cha chini cha mshahara, yaani sheria ya Bunge la Marekani inayotumika katika nchi nzima, ilipitishwa mwaka 1938, lakini wafanyakazi wengi wa hoteli na migahawa waliachwa nje ya kinga yake. Walipoingizwa mwaka 1966, waliingizwa kwa sharti maalumu: mwajiri aliruhusiwa kumlipa anayepokea bakshishi nusu tu ya kima cha chini, na nusu ya pili ihesabiwe kuwa imelipwa na wateja. Mwaka 1991 kima cha chini kilipofikia dola 4.25 kwa saa, nusu yake ikawa dola 2.13. Miaka mitano baadaye, mwaka 1996, Bunge lilipandisha kima cha kawaida lakini likakitenga kiwango cha wapokea bakshishi na kukiacha palepale, na hapo ndipo kilipo hadi leo, ilhali kima cha kawaida kimekuwa dola 7.25 tangu mwaka 2009.

Kwa mujibu wa sheria hiyo, mfanyakazi ambaye kwa kawaida hupata zaidi ya dola 30 za bakshishi kwa mwezi anaweza kulipwa dola 2.13 kwa saa, na ikiwa mshahara huo pamoja na bakshishi haufikii dola 7.25 kwa saa katika wiki husika, mwajiri analazimika kufidia kilichopungua. Mhudumu aliyefanya kazi saa 30 kwa kiwango hicho anadai kwa mwajiri dola 63.90 tu, na kwa kuwa kodi ya mapato yake yote, pamoja na ile ya bakshishi, hukatwa humo humo, hundi yake ya mshahara huweza kutoka ikiwa karibu tupu.

Sheria ya shirikisho, hata hivyo, huweka sakafu tu, na kila jimbo lina uhuru wa kupandisha kiwango juu yake. Majimbo saba, ambayo ni Alaska, California, Minnesota, Montana, Nevada, Oregon na Washington, hayamruhusu mwajiri kuhesabu bakshishi kama mshahara, kwa hiyo mhudumu hulipwa kima kamili cha jimbo na bakshishi huwa nyongeza halisi. Kwa upande mwingine, Texas na Georgia hufuata kiwango cha shirikisho cha dola 2.13. Tofauti hii inawagusa moja kwa moja wasemaji wa Kiswahili walioenea katika majimbo hayo: mhudumu wa mgahawa wa Dallas anaweza kulipwa na mwajiri wake dola mbili na senti chache kwa saa, ilhali mwenzake wa Seattle, kwa kazi ile ile, analipwa zaidi ya dola 20 tangu mwaka 2025 kabla mteja hajatia mkono mfukoni.

Bili inapofika mezani

Katika mgahawa ambao mteja huketi na kuhudumiwa mezani, kiwango kilichozoeleka ni kati ya asilimia 15 na 20 ya bei ya chakula, ambapo asilimia 15 huchukuliwa kuwa huduma ya kawaida na 20 huduma nzuri. Hesabu hufanywa juu ya bei ya chakula na vinywaji kabla ya kodi ya mauzo, ambayo nchini Marekani haimo katika bei iliyoandikwa kwenye menyu bali huongezwa mwishoni. Familia iliyokula chakula cha dola 60 mjini Dallas, ambako kodi ya mauzo ni asilimia 8.25, italetewa bili ya dola 64.95, na ikitoa asilimia 18 ya zile dola 60, itaandika dola 10.80 katika mstari wa bakshishi wa risiti, kisha itaandika yenyewe jumla ya dola 75.75 na kutia saini. Kadi huwa imekwisha kupitishwa kwenye mashine kabla ya mistari hiyo kujazwa, na mteja anayeacha mstari wa jumla wazi huachia wengine kazi ya kukisia alichokusudia, kwa hiyo ni busara kuujaza hata pale bakshishi inapotolewa kwa fedha taslimu.

Jambo la kuangalia kabla ya kuandika lolote ni iwapo mgahawa umekwisha kuongeza tozo ya huduma, ambayo mara nyingi ni asilimia 18 au zaidi kwa kundi la watu sita na kuendelea. Tozo hiyo si bakshishi mbele ya sheria ya kodi, bali ni mapato ya mgahawa, na mhudumu hupata tu kile ambacho mwajiri ameamua au amelazimishwa na sheria ya jimbo kumpa. Asiyesoma risiti vizuri huweza kulipia huduma hiyo hiyo mara mbili.

Mhudumu naye habaki na chote alichoachiwa. Migahawa mingi humtaka agawane fedha hiyo na mhudumu wa baa, anayeondoa vyombo na anayeleta chakula kutoka jikoni, na mgawo huo mara nyingi hukokotolewa kutokana na mauzo ya meza zake na si kutokana na alichopokea. Kwa sababu hiyo, meza isiyoacha kitu humfanya mhudumu atoe mgawo wa wenzake kutoka katika fedha za meza nyingine.

Wengine wanaopewa, na wasiopewa

Nje ya migahawa viwango hutofautiana kwa kazi. Mhudumu wa baa hupewa dola 1 au 2 kwa kinywaji. Dereva wa teksi, na pia wa huduma za usafiri za simu kama Uber, asilimia 10 hadi 20. Kinyozi au msusi asilimia 15 hadi 20. Mbeba mizigo wa hoteli dola 1 au 2 kwa begi. Na msafisha chumba cha hoteli dola 2 hadi 5 kwa kila usiku, zikiachwa kila asubuhi kwa kuwa anayesafisha leo huenda si atakayesafisha kesho. Anayeleta chakula nyumbani hupewa asilimia 10 hadi 20, na kwa oda ndogo ni uungwana kutoshuka chini ya dola 3 au 4, kwa sababu wengi wa madereva hao huhesabiwa kuwa wakandarasi huru, yaani watu wanaojiajiri wenyewe, ambao hujinunulia mafuta na hawalindwi na kima cha chini cha shirikisho.

Wapo pia wasiopewa kabisa. Daktari, muuguzi, mwalimu na keshia wa duka hawatarajii bakshishi, na waajiri wengi wa kazi za kutunza wazee, ambazo Waafrika Mashariki wengi wanazifanya, huwakataza wafanyakazi wao kupokea fedha kutoka kwa wanaowatunza. Mtumishi wa serikali haifai kupewa hata kwa nia njema, kwani fedha anayopewa afisa wa umma huweza kuchukuliwa kuwa hongo, na mtumishi wa posta ya Marekani, kwa mfano, haruhusiwi kupokea fedha taslimu, bali zawadi isiyozidi thamani ya dola 20 kwa mara moja.

Utata mkubwa zaidi umeletwa na vishikwambi vya malipo vilivyowekwa katika kaunta za mikahawa na maduka ya mikate, ambapo muuzaji hukigeuza kioo kuelekea kwa mteja, na kioo kikaonyesha asilimia 18, 20 na 25 katika visanduku vikubwa, huku kitufe cha kukataa kikiwa kidogo pembeni na foleni ikitazama nyuma. Asilimia hizo huchaguliwa na mwenye biashara pamoja na kampuni ya programu, wala hazitokani na sheria wala na desturi. Uchunguzi wa Pew Research Center wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba asilimia 72 ya watu wazima nchini Marekani waliona bakshishi ikitarajiwa mahali pengi zaidi kuliko miaka mitano kabla yake, kwa hiyo mgeni anayeona haya mbele ya kioo hicho hayuko peke yake.

Kwa anayepokea

Wahamiaji wengi husimama upande wa pili wa meza, na kwao sheria ina mambo yasiyopaswa kupuuzwa. Tangu mwaka 2018 mwajiri, meneja na msimamizi wamekatazwa kujichukulia bakshishi za wafanyakazi kwa sababu yoyote ile. Mfanyakazi anayepata bakshishi ya dola 20 au zaidi kwa mwezi katika kazi moja anatakiwa kumwarifu mwajiri wake kufikia tarehe 10 ya mwezi unaofuata, na sheria iliyotiwa saini Julai 2025 inamruhusu mwenye kazi inayostahili kuondoa hadi dola 25,000 za bakshishi katika mapato yanayotozwa kodi ya mapato ya shirikisho, kwa miaka ya kodi 2025 hadi 2028. Nafuu hiyo haigusi michango ya pensheni na bima ya afya ya wazee, wala haiondoi wajibu wa kutangaza kilichopatikana.

Mpango wa Marekani wa kuhesabu bakshishi kama mshahara si wa lazima kwa biashara ya chakula, kama nchi nyingine zinavyoonyesha. Nchini Uingereza bakshishi haijaruhusiwa kuhesabiwa katika kima cha chini cha mshahara tangu mwaka 2009, na tangu Oktoba 2024 sheria inamtaka mwajiri awape wafanyakazi bakshishi na tozo zote za huduma bila makato yake mwenyewe, huku Ufaransa ikitaka bei ya menyu iwe imekwisha kujumlisha huduma. Msafiri anayepeleka asilimia 20 za Marekani katika miji ya nchi hizo hutoa zaidi ya kinachotarajiwa.

Kanuni inayofuata kutokana na historia hii ni fupi. Pale mfanyakazi anapolipwa chini ya kima cha kawaida kwa sababu mteja anategemewa kujazia, bakshishi ni deni, na kuinyima kwa kupinga mfumo humwadhibu mhudumu bila kumgusa mwajiri wala Bunge. Pale anapolipwa mshahara wake kamili, kama ilivyo kwa keshia wengi wa kaunta, bakshishi ni hisani, na anayebonyeza kitufe cha kukataa hajamdhulumu mtu. Msomaji anayehamia mji mpya wa Marekani na aanze kwa kuuliza kiwango cha mshahara wa wapokea bakshishi katika jimbo lake, kisha, anapopanga kula nje, aiweke bakshishi katika bajeti pamoja na bei ya chakula na kodi, kwa kuwa bei ya menyu peke yake si gharama ya mlo.