Plastiki iliyofifia si ya kutupwa

Maradhi ya Covid-19 yalipobisha hodi nchini Machi 2020, maduka ya dawa, benki na ofisi nyingi za mijini ziliweka mabamba ya plastiki angavu juu ya kaunta ili mhudumu na mteja wasipumuliane usoni. Baadhi ya mabamba hayo yangali papo hapo. Lakini hebu yatazame sasa. Aghalabu yamejaa ukungu mweupe, mikwaruzo imepishana kama njia za mbuzi, na mteja hulazimika kuinama kwenye kijidirisha cha chini ili aone anazungumza na nani. Mwenye duka akichoka nalo huling'oa na kulitupa.

Mara nyingi hutupa mali nzuri.

Plastiki hiyo huwa ni akriliki, ile ambayo mafundi wa mabango huiita Perspex hata ikiwa imetoka kiwanda kingine kabisa, kama vile wengi wetu tuitavyo dawa yoyote ya meno Colgate. Ilianza kuuzwa katika miaka ya 1930, Ujerumani kwa jina la Plexiglas na Uingereza kwa jina la Perspex. Ikiwa mpya hupitisha takriban asilimia 92 ya mwangaza, na hivyo haishindwi na kioo cha dirisha, ilhali uzito wake ni kama nusu ya uzito wa kioo. Jua nalo haliigeuzi manjano upesi. Udhaifu wake uko kwenye ngozi. Ni laini, na vumbi tu likisuguliwa kwa kitambaa kikavu latosha kuikwaruza.

Watu hudhani plastiki ikififia imezeeka ndani. La. Mwangaza hupita sawa ukikuta uso laini. Uso ukiwa na vijifereji maelfu, kila kimoja hutupa mwangaza upande wake, na jicho huona weupe mtupu. Mwanafunzi anaweza kulithibitisha jambo hili nyumbani bila maabara. Chukua kipande chakavu cha akriliki, kisugue kwa msasa mpaka kiwe cheupe kama maziwa, kisha kimwagie maji. Papo hapo utaanza kuona vitu vilivyo upande wa pili, kwa kuwa maji hujaza vile vijifereji, na mwangaza hupinda ndani ya maji karibu kama unavyopinda ndani ya akriliki. Kikikauka, weupe hurudi. Kumbe ugonjwa uko juu juu tu, ndani ni mzima!

Kwa hivyo fundi anayerudisha uwazi hajazi kitu wala hapaki dawa ya miujiza. Anakwaruza. Huondoa mikwaruzo mikubwa kwa kuweka midogo mahali pake, na ile midogo kwa midogo zaidi, hadi ibaki membamba kiasi kwamba mwangaza hauitambui tena.

Kifaa chake ni msasa wa maji, ule mweusi unaotumiwa na wapaka rangi magari na unaopatikana katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Kila msasa una namba nyuma yake, na namba ikiwa kubwa punje ni ndogo. Ukipitisha ukucha juu ya mkwaruzo na ukucha ukanasa, anza na 400 au 600. Usiponasa, 1000 yatosha kuanzia. Kutoka hapo panda ngazi: 800, 1000, 1500, 2000. Kazi yote hufanywa kwa maji yenye sabuni kidogo, na msasa huzungushiwa kipande cha mpira au ubao bapa, kwani vidole vitupu huchimba mashimo.

Ipo mbinu moja ambayo wasioijua hulia nayo. Ukisugua kwa msasa wa 800 kuelekea kulia na kushoto, ule wa 1000 uusugue kutoka juu kwenda chini, na kila ukibadilisha namba ubadilishe njia vivyo hivyo. Kisha kausha na utazame kwa mwangaza wa ubavuni. Ukiona hata mstari mmoja wa njia ya kwanza, hujamaliza, na usithubutu kwenda namba inayofuata. Msasa wa 2000 hauwezi kufuta mkwaruzo wa 400 hata ukisugua hadi magharibi. Vilevile osha bamba, mikono na beseni kila unapobadilisha msasa, maana punje moja ya msasa mkali ikibaki hukurudisha ulikotoka.

Baada ya 2000 bamba huwa na ukungu mwembamba tu, kama kioo kilichopumuliwa. Hapo ndipo hupakwa dawa ya kung'arishia plastiki na kusuguliwa kwa kitambaa laini cha pamba. Dawa ya meno, ile nyeupe na si ile ya jeli, husaidia pia, ila kwa mikwaruzo hafifu pekee. Wanaosema kwamba itaondoa mkwaruzo wa msumari wanakupotezea Jumamosi yako.

Wenye karakana hutumia gurudumu la kitambaa linalozungushwa na mota. Huharakisha kazi, na huiharibu kwa haraka hiyo hiyo. Akriliki ikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi huanza kulegea, na gurudumu likisimama mahali pamoja kwa muda mfupi tu huyeyusha uso na kuuvuta kama chingamu. Fundi mzuri hugusa na kuondoka, hugusa na kuondoka, na mara kwa mara huweka kiganja juu ya bamba kupima joto.

Joto hilo hilo ndilo adui wa anayekata, kutoboa na kukereza. Msumeno ukiwa mkali hutoa vipande vikavu. Ukiwa butu hutoa plastiki iliyoyeyuka inayoganda nyuma ya meno yake. Keekee ya kutobolea chuma huuma akriliki ghafla na kuipasua, hasa ncha inapotokea upande wa pili. Ndiyo maana wajuzi hupunguza makali ya ile keekee kwa jiwe la kunolea ili ikwangue badala ya kuuma, huweka ubao chini ya bamba, humwaga maji ya sabuni na kupunguza mwendo mwishoni.

Ukingo uliokatwa huwa mweupe pia. Njia ya subira ni kuukwangua kwa mgongo wa msumeno wa chuma, kisha kuupitia kwa misasa ile ile. Njia ya mkato ni moto. Mwali wa buluu ukipitishwa haraka juu ya ukingo huuyeyusha kidogo, nao hung'aa kama barafu. Mashine za leza, ambazo siku hizi watengenezaji wengi wa mabango na zawadi wanazo, huacha ukingo unaong'aa namna hiyo. Hupendeza macho, sikatai. Lakini sehemu iliyoyeyuka na kupoa ghafla hubaki imejikaza kwa ndani, mithili ya kamba iliyovutwa. Viwandani huilegeza kwa kuiweka katika tanuri la nyuzi 80 hivi kwa saa kadhaa na kuiacha ipoe polepole. Isipolegezwa, siku itakapopanguswa kwa spiriti, nyufa nyembamba kama nywele hutokeza ghafla kutoka ukingoni.

Na hapa turudi kwenye kaunta zetu. Mabamba yale yalipuliziwa dawa ya kuua viini mara nyingi kwa siku, na dawa nyingi za aina hiyo zina spiriti. Palipotobolewa na kukazwa skrubu ndipo nyufa zilipoanzia. Mkwaruzo hutibika, ufa wa spiriti hautibiki kwa msasa ukishaingia ndani. Ukiuona unameta kila unapogeuza bamba kwenye mwanga, usijichoshe. Kata sehemu nzima uitumie kwa kazi nyingine.

Ufa wa namna hii ukitokea dukani ni hasara ya fedha tu. Kuna mahali pengine ni zaidi ya hapo. Kifuniko angavu cha mashine inayowatunza watoto waliozaliwa kabla ya wakati aghalabu ni akriliki. Muuguzi sharti aione rangi ya ngozi ya mtoto na jinsi kifua chake kinavyopanda na kushuka, tena bila kufungua mlango na kupoteza joto. Watengenezaji huonya kwamba kifuniko hicho kisipanguswe kwa spiriti, kwa sababu huingia nyufa, na nyufa hizo huficha uchafu na kuziba macho ya muuguzi.

Ndege ndogo nazo, kama zile zinazopaa kutoka Uwanja wa Wilson kwenda viwanja vya vumbi vya Maasai Mara, zina madirisha ya akriliki. Rubani akitua huku jua la jioni likimpiga usoni, dirisha lililokwaruzwa hugeuka ukuta wa mwanga. Huko hakuna mambo ya kubahatisha kwa dawa ya meno. Mafundi hupima unene wa dirisha, kwani kila upigaji msasa hulipunguza, na watengenezaji wa ndege wameweka kikomo. Tena hawasugui doa moja pekee. Ukisugua mahali padogo unaacha bonde, na barabara ya kutua iliyonyooka huonekana imepinda.

Madirisha ya ndege, kwa njia, yalileta faida ambayo hakuna aliyeitazamia. Katika vita vya 1940 vipande vya akriliki viliingia machoni mwa marubani Waingereza, na daktari Harold Ridley akagundua kwamba jicho halikuvikataa. Mnamo Novemba 1949, mjini London, alimwekea mgonjwa wa mtoto wa jicho lenzi ya plastiki hiyo.

Taa za mbele za gari lako ni suala jingine. Hizo ni polikaboneti, ngumu kuvunjika lakini hugeuka manjano juani, na kiwandani hupakwa ngozi ya kuzikinga. Msasa utazing'arisha, ndiyo, ila usipopaka kinga nyingine juu yake manjano yatarudi muda si mrefu. Taa za nyuma kwa kawaida ni akriliki, nazo hukubali matibabu tuliyoyaeleza.

Kwa usafi wa kila siku, mwaga maji kwanza yaondoe vumbi, kisha osha kwa sabuni nyepesi na kitambaa laini kilicholowa, na ukaushe kwa pamba bila kukandamiza. Weka mbali petroli, thina, spiriti, steelwool, poda ya kusugulia sufuria na dawa za madirisha zenye amonia. Na gazeti hili ukishalisoma, likasafishe kioo cha dirisha kama ilivyo desturi, lakini kwenye akriliki lisiguse.