Jina la Ukoo Halina Nembo

Swali limerudi tena, safari hii na picha. Jiwe la kaburi ndani ya kanisa la zamani Uingereza, ngao imechongwa juu yake, na chini ya ngao jina la ukoo lile lile la muulizaji. Anataka kuichapa nembo hiyo kwenye kadi za harusi. Nimekwisha kulijibu swali hili mara nyingi, na jibu halijabadilika: nembo hiyo si yako. Sheria ya Uingereza haitambui nembo ya jina. Hupewa mtu, kisha hurithiwa na wazawa wake kupitia wanaume. Kufanana majina hakumpi mtu haki yoyote.

Ushahidi uko Stratford-upon-Avon, ndani ya kanisa la Holy Trinity. Juu ya sanamu ya William Shakespeare ukutani kuna ngao ya dhahabu yenye mkanda mweusi wa mshazari, na juu ya mkanda huo umelazwa mkuki. Aliyepewa nembo hiyo, mwaka 1596, ni baba yake, John. Henry, ndugu yake John, aliitwa Shakespeare vile vile, lakini nembo haikumhusu. Hamnet, mwana pekee wa William, alifariki mwaka huo huo, wakabaki mabinti. Joan, dada yake William, aliolewa akazaa, na watoto wake hawakuirithi.

Sasa inama utazame sakafu karibu na madhabahu. Jiwe la John Hall, mkwe wa William aliyefariki mwaka 1635, lina ngao iliyogawanywa wima: kuume nembo ya Hall, kushoto mkuki wa Shakespeare. Kuume ni kwa mshika ngao, kwa hiyo wewe utaiona kushoto kwako. Jiwe la Susanna, mkewe, lina nembo hizo hizo ndani ya umbo la uru, ambalo ndilo la wanawake. Jiwe hapo linakueleza nani alimuoa nani. Anayesoma jina peke yake anaiacha habari yote sakafuni.

Wanaouza vyeti vya "nembo ya ukoo wako" wanalijua hili. Kitabu cha Bernard Burke, The General Armory, toleo la 1884, kimepanga nembo kwa majina ya koo, na chini ya jina moja la kawaida utakuta nembo nyingi za familia zisizo na udugu wowote. Muuzaji huchagua mojawapo, huipaka rangi, na wewe unalipia urithi wa mtu mwingine. Huo ni udanganyifu, na unaniudhi kwa sababu unawaumiza hasa watu wanaotafuta asili yao kwa moyo safi. Kwamba nembo ni ya mtu si jambo jipya: mwaka 1385 Richard Scrope na Robert Grosvenor, majina mawili tofauti, walikutwa na ngao moja: buluu yenye mkanda wa dhahabu wa mshazari. Kesi ya kuigombea iliendelea hadi 1390, mshairi Geoffrey Chaucer akiwa miongoni mwa mashahidi. Grosvenor alishindwa. Kilichobishaniwa kilikuwa haki ya mtu, wala si jina.

Ufanye nini basi? Piga picha ya ngao nzima, tochi ikimulika kutoka ubavuni ili michongo ionekane. Usisugue jiwe wala kulimwagia maji. Andika tarehe, majina ya wake na waume, na kila pande la ngao. Tafuta nembo kwa michoro yake katika kamusi ya Papworth ya 1874. Fuatilia uzao kwenye rejista za parokia, zilizoanza 1538, kisha kwenye kumbukumbu za ukaguzi wa nembo wa 1530 hadi 1688. Ukiunganisha kizazi kwa kizazi, baba kwa baba, wapelekee College of Arms, mamlaka ya nembo iliyoko London, wathibitishe. Mnyororo ukikatika, na wewe ni raia wa Uingereza, unaweza kuomba nembo mpya huko huko kwa maelfu ya pauni. Hiyo itakuwa yako kihalali, na wanao watairithi.