Gazi: Kijiji cha Kwale kinachouza hewa, na hela zinaenda wapi

Panda matatu ya kwenda Lunga Lunga pale Likoni na kondakta atakuuliza "Ukunda?" kabla hujafungua mdomo. Kwa wengi wetu Pwani Kusini ni Diani, basi. Mchanga mweupe, muziki hadi alfajiri, wazee wa Kijerumani waliobabuka jua mpaka wakafanana na kamba wa kukaanga. Gari likishawamwaga watu Ukunda, waliobaki hulala au huperuzi simu hadi Msambweni. Ndiyo maana unaweza kupita Gazi mara kumi na usijue kwamba umepita.

Njia ya kuingia iko mkono wa kushoto ukielekea kusini. Unashuka, unafuata barabara ya vumbi katikati ya minazi na miembe, na muda si mrefu uko kijijini: nyumba za udongo na makuti zikipakana na za mawe, msikiti, maduka madogo, nyavu zimeanikwa, Kidigo kikisikika zaidi kuliko Kiswahili. Mbele yako ni ghuba, na ng'ambo yake Chale. Maji yakipwa, bahari inakwenda mbali kabisa na kuacha tope jeusi lenye harufu ambayo wageni huikunjia uso. Hilo tope ndilo mali yenyewe, na tutalirudia.

Kwanza kuna mzee mmoja mkaidi wa kuzungumzia.

Ukoo wa Mazrui uliitawala Mombasa kwa karibu miaka 100, hadi 1837 Seyyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar, alipoupokonya mji. Walionusurika wakagawanyika. Tawi moja lilikwenda Takaungu, kaskazini. Jingine likaja Gazi. Huku kusini alikuwako Mbaruk bin Rashid, mtoto wa liwali wa mwisho wa Mazrui pale Mombasa, na inaelekea hakuwahi kusahau kwamba mji ule ulikuwa wa babake. Kwa zaidi ya miaka 20 alimsumbua Sultani wa Zanzibar. Akizidiwa ufuoni, anapanda bara hadi ngome yake ya Mwele, msituni, na kusubiri hasira za mkubwa zitulie. Mwaka 1882 jeshi la Sultani, chini ya Mwingereza Lloyd Mathews, liliizingira Mwele. Mbaruk alisalimika, akaendelea kuwa Mbaruk.

Mambo yaliharibika kabisa 1895. Waingereza walijiingiza katika ugomvi wa urithi kule Takaungu, wakamsimika mtu wao, na jamaa waliopingwa wakaasi. Mbaruk wa Gazi akaungana nao. Julai 1 mwaka huohuo Uingereza ilitangaza himaya yake Afrika Mashariki. Agosti, wanamaji wa Admeri Harry Rawson wakaiteka Mwele. (Ndiye Rawson huyohuyo aliyeipiga mizinga Zanzibar mwaka uliofuata, katika vita vilivyomalizika kabla saa moja haijaisha.) Maasi yakaendelea hata hivyo, ikabidi Waingereza walete wanajeshi kutoka India. Aprili 1896 Mbaruk na mamia ya wafuasi wake walivuka mpaka na kuingia upande wa Wajerumani, wakasalimisha silaha kwa gavana Hermann von Wissmann. Mzee akaishi Dar es Salaam hadi kufa kwake 1910. Gazi hakurudi.

Kumbe Wajerumani na watu wa huku hawakujuana kwanza kwenye hoteli za Diani.

Lakini tusikimbilie kumvika taji. Ni kweli alipigana na mkoloni, na vitabu vya shule vinapenda hilo. Ni kweli pia kwamba utajiri wa Mazrui ulisimama juu ya mashamba yaliyolimwa na watumwa, na wengi wa watumwa hao walitoka katika jamii ambazo wajukuu wao tunapanda nao matatu leo. Nyumba yake kubwa pale kijijini ilikuja kutumika kama shule ya msingi, na mlango wake wa kuchongwa ukapelekwa Fort Jesus. Mimi naona hiyo shule ilikuwa matumizi bora kuliko yote ya nyumba ile.

Sasa turudi kwenye tope.

Ghuba ya Gazi inapokea mito miwili, Kidogoweni na Mkurumudzi, na pale maji baridi yanapokutana na chumvi ndipo mikoko inaota. Sisi wa mjini tunaita yote mikoko, lakini mvuvi atakucheka. Kuna mkoko wenyewe, ule wa mizizi kama miguu ya buibui. Kuna mkandaa, mchu, muia, mlilana, mkomafi. Kila mmoja una kazi yake: mlilana hutoa mataruma ya vyombo vya bahari, mkandaa na mkoko hutoa nguzo za nyumba. Wauzaji nao wana majina kwa kila unene, kuanzia fito, pau, hadi boriti. Lugha yenye maneno mengi hivyo kuhusu mti inakuambia mti huo umejenga nyumba ngapi.

Miaka ya 1970 miti hiyo ilikatwa si kwa nyumba bali kwa viwanda. Mikoko ya Gazi iligeuka kuni za kuchomea chokaa na matofali. Sehemu kubwa ilibaki uwanja mtupu wa mchanga na chumvi, na mkoko ukishafyekwa hivyo haurudi wenyewe kwa urahisi. Mbegu ikianguka inasombwa na maji kwa kuwa hakuna mizizi ya kuishika. Kamba na samaki wadogo, ambao hukulia katikati ya mizizi hiyo, nao wakakosa pa kujificha. Mvuvi wa hori hakuhitaji mtafiti amwambie kuna tatizo.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari yenye kituo hapo Gazi, walianza kupanda upya wakishirikiana na wanakijiji. Kupanda mkoko si mchezo. Unaingia kwenye tope hadi magotini, unachomeka mbegu ndefu kama kalamu moja baada ya nyingine, halafu unangoja miaka.

Halafu 2013 ukaja mradi wa Mikoko Pamoja, wa vijiji viwili jirani, Gazi na Makongeni, na hapa ndipo Gazi ikaingia kwenye ramani ya dunia. Ni miongoni mwa miradi ya kwanza kabisa duniani kuuza kaboni ya mikoko. Wazo lenyewe ni hivi. Mikoko hunyonya hewa ya kaboni na kuizika kwenye tope, na kwa eneo lilelile huhifadhi mara kadhaa ya msitu wa kawaida wa bara. Mkiahidi kulinda hekta 117 na kupanda nyingine, shirika la Plan Vivo linathibitisha hesabu, kisha mtu au kampuni ya ng'ambo inayotaka kufidia uchafuzi wake inanunua. Gazi huuza takriban tani 3,000 kwa mwaka. Mwaka 2017 mradi ulipata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa.

Safi. Sasa lile swali ambalo kila kijana atauliza kabla ya mengine: doo yangu iko wapi?

Hebu tupige hesabu. Miaka ya mwanzo mradi uliingiza kama dola 12,000 kwa mwaka. Kwa bei ya dola ya wakati ule, hiyo ni milioni moja na ushee. Vijiji hivyo viwili vina zaidi ya watu 5,000. Gawanya. Kila mtu angepata kama Sh200, yaani boda ya kwenda na chipsi ya kurudia, kwa mwaka mzima wa kulinda msitu. Ndiyo sababu hela hazigawiwi mkononi. Baada ya kutoa gharama za kuendesha mradi, kikao cha kijiji hukaa na kuamua, na zikaenda kwenye mabomba ya maji, vitabu na ukarabati wa shule. Maji ya bomba unayaona. Mia mbili ungeishaisahau.

Lakini kuna upande ambao mabango hayaandiki. Ukiwa na miaka 22 Gazi na unataka kujenga chumba chako cha udongo utoke kwa wazazi, unahitaji fito. Fito ziko mita chache kutoka mlangoni, na huruhusiwi kuzigusa. Kisheria hata kabla ya mradi hukuruhusiwa kujichukulia tu, maana mikoko yote ya Kenya ilitangazwa msitu wa serikali tangu 1932, enzi za mkoloni. Tofauti ni kwamba zamani mlinzi alikuwa mbali. Sasa ni jirani yako. Mradi umepanda mivinje ili watu wapate kuni na nguzo kwingine, na hilo ni jambo la maana, ila mvinje nao unahitaji miaka na shamba, na vijana wengi hawana shamba.

Halafu kuna hesabu nyingine ya kuchekesha. Mtalii mmoja akitoka Frankfurt kuja Diani na kurudi, ndege humchafulia zaidi ya tani moja. Kwa hiyo kazi ya Gazi ya mwaka mzima haitoshi kufidia watalii 3,000 tu. Sisemi wasije. Nasema tani ya Gazi imeuzwa bei ya kutupa, na anayepanga bei hajawahi kuingia kwenye lile tope.

Wengine wameshaiga. Kule Vanga, karibu na mpaka wa Tanzania, vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu vina mradi wao wa hekta 460, karibu mara nne ya Gazi. Mpango wa Gazi umewekewa miaka 20. Aliyeko shuleni leo atakuwa mtu mzima utakapofika wakati wa kukaa tena mezani, na itabidi ajue kusoma mkataba wa Kiingereza na kuuliza bei.

Ukitaka kuona mwenyewe, usiende bila kuangalia maji. Kina mama wa Gazi wana daraja lao la mbao linalopita katikati ya mikoko, wanakutembeza kwa ada ndogo, na ukiagiza mapema wanakupikia. Agiza samaki wa kupaka. Maji yakijaa unaona msitu umesimama juu ya bahari. Yakipwa unaona mizizi, kaa wenye gando moja kubwa, na kama msimu unafaa, zile mbegu ndefu zikining'inia. Vaa ndara ambazo hutasikitika zikibaki kwenye tope. Na utoke barabarani kabla ya magharibi, maana matatu za kurudi Ukunda jioni huja zimejaa tangu Msambweni.