Adam Sapi Mkwawa na Kiti cha Spika (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulimwacha Chifu Adam Sapi Mkwawa pale Kalenga, tarehe 19 Juni 1954, akipokea kutoka kwa Gavana Edward Twining fuvu la babu yake, Mtwa Mkwawa, lililokuwa Ujerumani kwa zaidi ya nusu karne. Leo tunamfuata Dar es Salaam. Novemba 1962, wiki chache kabla Tanganyika haijawa Jamhuri, alirithi kiti cha Spika kutoka kwa Abdulkarim Karimjee. Alikikalia hadi Novemba 1973, akampisha Erasto Mang'enya kwa miaka miwili, kisha akarejea mwaka 1975 na kubaki hadi Aprili 1994. Jumla yake ni karibu miaka 30, na hakuna Spika mwingine wa nchi hii aliyekaribia muda huo. Nyanda zetu za Juu Kusini zimetoa Maspika wengine wawili baada yake, Anne Makinda wa Njombe mwaka 2010 na Tulia Ackson wa Mbeya Mjini mwaka 2022. Kwa hiyo msomaji wa Iringa au wa Mbeya ana haki ya kuuliza: yule wa kwanza aliwezaje kudumu kiasi hicho, na kudumu kwake kulitufaa nini?

Jibu linalosikika zaidi ni la nasaba. Husemwa kwamba jina la Mkwawa lilitosha, kwamba hakuna aliyethubutu kumgusa mjukuu wa mtu aliyepigana na Wajerumani hadi kifo chake mwaka 1898. Jibu hilo halisimami tukitazama yaliyowapata machifu wengine wenye majina makubwa. Thomas Marealle wa Moshi aliondolewa na Wachaga wenyewe mwaka 1960, kabla hata ya uhuru. Abdallah Fundikira wa Unyanyembe alikuwa waziri wa sheria katika serikali ya kwanza, lakini akatoka serikalini mwanzoni mwa miaka ya 1960, na miaka 30 baadaye akajitokeza kama mwanasiasa wa upinzani. Mwaka 1963 sheria ikaufuta uchifu wote, wa Uhehe ukiwamo. Kama nasaba ndiyo iliyokuwa nguzo, nguzo hiyo ilikatwa mwaka mmoja tu baada ya Adam Sapi kuwa Spika, na yeye hakuanguka.

Kwa maoni yangu alidumu kwa sababu ya aina ya kazi aliyopewa na wakati aliopewa. Chini ya Katiba ya mpito ya 1965 nchi ilikuwa na chama kimoja Tanganyika na kimoja Zanzibar, na maamuzi mazito yalifanywa ndani ya chama kabla hayajafika ukumbi wa Karimjee, ambako Bunge lilikutana. Wanasiasa waliokuwa na nguvu walikuwa pia hatarini. Katika uchaguzi wa mwaka 1965, wagombea wawili wa TANU waliposhindanishwa katika jimbo moja, wapiga kura waliwaangusha hata mawaziri. Paul Bomani, waziri wa fedha, alipoteza kiti chake Mwanza. Halmashauri Kuu ya TANU nayo ilikuwa na makali yake. Spika hakuwa na bajeti ya kugawa, hakuteua mtu, hakuwa na kundi la kumpigania urais. Alichotakiwa kuwa nacho ni heshima inayokubalika na pande zote za ukumbi, na mtu aliyekuwa mtawala wa Wahehe tangu mwaka 1940, aliyezoea kusikiliza mashauri na kuamua nani aseme kwanza, alikuja nayo tayari. Chama kisingeweza kuitengeneza heshima ya namna hiyo kwa azimio, na hakikuwa na sababu ya kuiogopa.

Hapo ndipo penye uzito wa hoja yangu, na pia uchungu wake. Kiti kilikuwa salama kwa sababu hakikuwa na uwezo wa kumlinda mtu mwingine. Mwaka 1968 Halmashauri Kuu ya TANU iliwafukuza uanachama wanasiasa kadhaa pamoja na Oscar Kambona, na kwa Katiba ya wakati ule mbunge aliyepoteza kadi alipoteza na ubunge. Kati yao walikuwamo wabunge wa kwetu: Eli Anangisye wa Rungwe na Chogga wa Iringa. Baadhi yao kosa lao kubwa lilikuwa kuuliza, ndani ya Bunge, iwapo Bunge au chama ndicho chenye kauli ya mwisho. Swali lile lilihusu kiti alichokalia Adam Sapi kuliko kiti kingine chochote nchini. Lilijibiwa nje ya ukumbi wake, na siku ya kikao kilichofuata yeye aliendelea kuongoza. Mwaka 1973 Bunge lilithubutu kuukataa muswada wa serikali wa kodi ya mapato. Rais Nyerere akaonya kwamba angelivunja, wabunge wakarudi, muswada ukapita. Miaka miwili baadaye ukuu wa chama ukaandikwa ndani ya Katiba.

Wapo watakaosema kwamba basi alikuwa mtu wa kutii tu, na utii ndio uliomweka. Pingamizi hili ni zito na sitalipuuza. Ni kweli hakuna kumbukumbu ya Adam Sapi kusimama hadharani kumtetea mbunge aliyefukuzwa. Lakini tupime pia gharama ya njia nyingine katika Afrika Mashariki ya wakati ule. Oktoba 1975, huko Nairobi, mbunge Martin Shikuku alidokeza bungeni kwamba chama tawala cha KANU kimeuawa. Alipotakiwa athibitishe, Naibu Spika Jean-Marie Seroney, aliyekuwa kwenye kiti, aliamua kwamba jambo lililo wazi halihitaji uthibitisho. Siku chache baadaye wote wawili walikamatwa ndani ya majengo ya Bunge wakawekwa kizuizini. Seroney alikuwa jasiri na historia imemtendea haki, lakini Bunge la Kenya halikupata nguvu kwa uamuzi wake. Aidha, utii peke yake hauelezi kwa nini Adam Sapi alirudishwa mwaka 1975. Mang'enya aliyempokea kiti naye alikuwa mtumishi mwaminifu wa nchi, aliyewahi kuwa mwakilishi wetu Umoja wa Mataifa na mwenyekiti wa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi. Watiifu hawakuwa haba. Waliokuwa haba ni watu ambao wabunge wa makabila, dini na rika zote wangekubali kunyamazishwa nao bila kinyongo.

Ushahidi ninaouona kuwa mkubwa zaidi uko mwishoni mwa utumishi wake, sehemu ambayo waandishi wengi huipita haraka. Vyama vingi viliruhusiwa tena Julai 1992, lakini Bunge lilikuwa bado la CCM tupu. Agosti 1993 kundi la wabunge lililoitwa G55 lilileta hoja ya kudai serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano, na aliyekuwa mbele ya hoja hiyo ni Njelu Kasaka, mbunge wa Lupa, Chunya. Hoja ilikwenda kinyume na sera ya chama na kinyume na imani ya Mwalimu Nyerere, aliyeishambulia vikali katika kitabu alichokiandika baadaye. Hata hivyo ilisomwa, ikajadiliwa, ikapitishwa, wakati Adam Sapi akiwa bado Spika. Miaka 25 kabla, wabunge wa kusini walifukuzwa kwa kuuliza maswali mepesi kuliko hilo. Sisemi kwamba Spika ndiye aliyeleta mabadiliko. Upepo wa nchi nzima ulikuwa umegeuka. Nasema kwamba upepo ulipogeuka ulikuta kanuni za Bunge zikiwa hai: hoja binafsi, zamu ya kusema, kura, na taarifa rasmi inayoandikwa neno kwa neno. Mambo hayo yalikuwa yametunzwa kikao baada ya kikao katika miaka ambayo yalionekana hayana kazi.

Kuna pingamizi la mwisho, la wale wanaoamini kwamba mtu yeyote kukaa kwenye kiti kimoja kwa miaka 30 ni hasara kwa taasisi. Nakubaliana nao kwa sehemu. Spika aliyekaa muda mrefu namna ile alizoeza vizazi vya wabunge kuiona nafasi hiyo kama ya mzee wa busara anayetuliza ukumbi, na mazoea hayo yamechelewesha mjadala kuhusu Spika kuwa mlinzi wa haki ya mbunge dhidi ya serikali na dhidi ya chama chake mwenyewe. Masharti ya mbunge kupoteza kiti anapopoteza chama yapo kwenye Katiba hadi leo.

Adam Sapi Mkwawa alifariki mwaka 1999. Alilitunza Bunge likabaki Bunge, hakulipa nguvu ambayo halikuwa nayo, na hakuna Spika aliyefanya kazi yake ya kwanza vizuri zaidi yake.