UZI: Umepigwa kalamu na mkataba wa nyumba bado una miezi 7. Sheria inasema nini?

1/ Kwenye mikutano ya siasa tunaahidiwa kazi, tunaahidiwa nyumba. Swali ambalo haliulizwi: mtu akipoteza kazi, ile nyumba aliyopanga inakuwaje? Twende polepole.

2/ Tuanze na kazi. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40: nafasi yako ikiondolewa, unastahili notisi isiyopungua mwezi 1, pamoja na malipo ya angalau siku 15 kwa kila mwaka uliomaliza. Miaka 4 kazini = malipo ya siku 60. Basi.

3/ Sasa nyumba. Hapa ni kimya. Kupoteza kazi peke yake hakuvunji mkataba wa kupanga. Sheria mbili, na hazisalimiani.

4/ Kwa hivyo yote yanategemea ulitia sahihi nini. Kama unalipa mwezi kwa mwezi bila muda maalum, angalia Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 57: notisi isipungue kipindi cha kodi, na iishie siku ya kulipa kodi. Yaani mwezi mmoja. Kumwambia keateka "nahama wiki ijayo" si notisi.

5/ Mkataba wa mwaka 1 au 2 ni ngoma nyingine. Tafuta kipengele cha kutoka mapema. Kikiwepo, kifuate neno kwa neno. Kisipokuwepo, mwenye nyumba anaweza kukudai kwa kuvunja mkataba.

6/ "Lakini si kuna sheria ya kudhibiti kodi?" Ipo, Sura ya 296, na ina baraza lake. Shida: inahusu nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nitajie mtaa wa Nairobi wenye nyumba nyingi za bei hiyo. Nangoja.

7/ Mswada wa Wenye Nyumba na Wapangaji wa 2021 ulitaka kuunganisha Sura za 293, 296 na 301 ziwe sheria moja. Bunge lile likamaliza muda wake 2022 bila mswada huo kuwa sheria.

8/ Tuwe wa haki pia: si kila mwenye nyumba ni tajiri. Kuna mama mwenye vyumba vinne na mkopo wa benki. Ukitoka ghafla, pengo ni lake. Ndiyo maana hili linahitaji sheria, si huruma.

9/ Kwa sasa, fanya hivi:
– Andika barua KABLA deni halijaanza. Ambatisha barua ya kuachishwa kazi.
– Toa pendekezo: dipositi ilipe miezi ya mwisho, au ulete mpangaji mwingine.
– Mkikubaliana, iandikwe, hata kama ni WhatsApp.
– Siku ya kutoka, piga picha kila chumba.
– Usihame usiku. Deni halibaki kwenye ploti, linakufuata. Na ukikaa bila kulipa, Sura ya 293 inaruhusu vitu vyako kukamatwa kupitia dalali mwenye leseni.

10/ Mwenye mshahara anakatwa 1.5% ya ada ya nyumba kila mwezi, na mwajiri anaongeza 1.5%. Kwa hivyo mgombea akija kwenu na hadithi za nyumba mpya, muulize: mshahara ukikatika, mpangaji analindwa na nini? Halafu mngoje ajibu.